Nakili Kama Ilivyo

Siku tulipoanua matanga ya baba nilikuwa jikoni kwa wifi yangu nikimenya ndizi, na redio ilikuwa juu ya kabati ikijisemea bila mtu wa kuisikiliza. Ilikuwa habari ya Ufaransa. Watu wa kule, ilisema, wamevaa vizibao vya njano na kufunga barabara kwa sababu mafuta ya gari yamepanda bei na maisha yamewakaba, na sasa ofisi za miji mingi zimeweka daftari mezani ili mwananchi yeyote aingie aandike linalomkera. Mtangazaji akaongeza kwamba hilo si jambo geni kwao. Waliwahi kufanya hivyo zamani, miaka michache kabla ya kumkata kichwa mfalme wao. Kisu kikanisimama mkononi.

"Umejikata, wifi?"

"Sijajikata. Hilo daftari nalijua."

Akacheka. Ni mtu wa Nyabusozi, mwepesi wa kucheka, na nadhani aliona ni maneno ya mfiwa. "Daftari la Wafaransa ulijulie wapi, wewe wa Nyakahura?"

Nilimaliza ndizi, nikanawa utomvu, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia. Watu walidhani namlilia baba, nami nikawaacha wadhani hivyo.

Wa rika langu waliokulia Ngara hawahitaji kusimuliwa miaka ile ya wakimbizi wa Rwanda. Mnaikumbuka harufu: moshi wa kuni mbichi, mahindi ya njano ya msaada yakichemka, vumbi la malori. Kilima cha Benaco, ambacho tulikijua kwa nyasi na kwale tu, kiligeuka buluu na nyeupe kwa maturubai ndani ya siku chache. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka pale, na ukisimama uwanjani kwetu uliuona moshi umelala bondeni, hauondoki hata jua likiwa utosini. Mwanzoni tuliwahurumia. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu, ukimsalimia mtu njiani anakuitikia, sasa utamfukuzaje? Mama alikuwa akichemsha ndizi sufuria mbili, moja yetu na moja ya yeyote atakayepita. Baadaye miti ikaanza kwisha, na huruma nayo ikaanza kwisha pamoja na miti.

Mwalimu Anastazi alikuja kwetu kutafuta kibarua. Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, na alishika jembe kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe. Baba alicheka, akampa mkasi wa kupogolea kahawa badala ya jembe. Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alijua kuliko mtu yeyote kwamba mkimbizi haruhusiwi kulala nje ya kambi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeitangaza amri hiyo kanisani. Lakini siku ya tatu alimpa Mwalimu kile kijumba cha nyuma ya kahawa tulichokuwa tukiwekea mbegu, na hakutangaza chochote.

Sababu niliisikia nikiwa chini ya mibuni naokota kahawa iliyodondoka. Wakubwa husahau kwamba mtoto anayeokota ana masikio.

"Kambini kuna watu wa kwetu," Mwalimu alimwambia baba. "Siku zile niliwaficha watoto wa jirani yangu darini. Hao watu wanajua. Wamenitumia salamu kwamba bado wana neno na mimi."

"Si urudi kwenu?"

"Watoto wale walikuja kuuawa, mzee. Na wazazi wao. Nikirudi leo, ni nani amebaki wa kusema kwamba mimi niliwaficha? Nitaonekana mmoja wa waliokimbia tu, na waliokimbia wote wanatazamwa kwa jicho moja."

Baba alipogoa matawi mawili matatu kabla ya kujibu. "Basi kaa," akasema. "Kahawa haina mdomo."

Kwa hiyo nilijua, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwamba Mwalimu akionekana amekwisha. Nalisema hili mapema ili msije mkanitetea kwamba alikuwa mtoto huyu, hakujua. Nilijua. Nilichokosea ni kudhani kwamba kuonekana na serikali ni jambo tofauti na kuonekana na wale watu.

Kwao alikuwa akifundisha historia sekondari, kwa Kifaransa. Alikimbia na kitabu kimoja kisicho na jalada, na ndani yake kulikuwa na picha ya mfalme mwenye nywele kama manyoya ya kondoo. Kwa kuwa kila mtu niliyemsikia akizungumza Kifaransa alitoka ng'ambo ya mto wa mpakani, niliamini Ufaransa iko nyuma tu ya vilima vya Rwanda, labda siku mbili kwa miguu. Mwalimu hakunisahihisha kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Alinisimulia huku akipogoa, nami nimeshika kikapu: kwamba wakulima wa kule walilipishwa kodi ya chumvi, na kwamba mabwana wao walifuga njiwa waliokula mbegu shambani, na mkulima akiua njiwa alikuwa na kesi. Habari ya njiwa niliielewa mara moja. Sisi tulikuwa na nyani.

"Halafu mfalme akaishiwa," Mwalimu alisema, "ikabidi awaite watu wake. Akaagiza kila kijiji kiandike daftari la malalamiko. Wakakutana, mahali pengi kanisani baada ya misa. Wakasema, na anayejua kuandika akaandika. Chumvi. Njiwa. Daraja limebomoka. Mkunga hakuna."

"Mfalme akayasoma?"

"Yalikuwa maelfu. Hakuna mtu mmoja aliyeyasoma yote."

"Akajibu?"

"Alichelewa."

"Halafu?"

"Halafu wakamkata kichwa."

Niliona ni haki yake kabisa. Mtu umeandikiwa vizuri, kwa adabu, unakaaje kimya?

Siku nyingine alikuwa na uchungu na nchi hiyohiyo. Alisema Ufaransa iliwafundisha haki za binadamu mpaka wakazijua kwa moyo kama sala, uhuru, usawa na udugu, halafu wakubwa wao walipoanza kuwagawa watu, Ufaransa iliendelea kuwashika mkono. "Nimefundisha neno udugu miaka kumi na minne," aliniambia. "Wanafunzi wangu wote walilipata kwenye mtihani." Sikuona kwa nini hilo limsikitishe. Kwetu mwalimu ambaye wanafunzi wake wamefaulu wote hupewa mbuzi.

Mambo yalichacha kiangazi kimoja, mti wa kaburini ulipokatwa. Jirani yetu Bibi Generoza, mjane, alikuwa amepanda mti kwenye kaburi la mumewe. Asubuhi moja alikuta kisiki. Wiki hiyohiyo mbuzi wa Mzee Petro hawakurudi, na kisima chetu kikakutwa kimechafuliwa na watu waliopita. Wanaume wakaja uwanjani kwetu na fimbo, wengine na mapanga, Mzee Petro mbele. Walitaka baba awape ruhusa: mkimbizi yeyote atakayekutwa shambani kwa mtu kuanzia Jumatatu, apigwe, na akifa amekufa.

Baba alisimama mlangoni akiwaomba wangoje. Nilimwona anavyojilazimisha asitazame upande wa kahawa. Wao nao walijua kuna nani nyuma ya kahawa, kijiji kizima kilijua, na mpaka siku hiyo kilikuwa kimenyamaza kama kinavyonyamazia mambo mengi. Ndipo Mwalimu akatoka mwenyewe, mkasi mkononi, majani ya mibuni yamemganda kwenye nywele.

"Shikamooni, wazee," akasema. Hakuna aliyeitikia. "Mnayo haki ya kukasirika. Lakini mkipiga mtu, wilayani watawasikia kwa sababu ya maiti, si kwa sababu ya mti wa Bibi. Andikeni kwanza."

"Wewe mkimbizi ndiye utuandikie mashtaka ya wakimbizi?" Mzee Petro alimwuliza.

"Siandiki mimi. Nikiandika mimi mtasema nimepunguza. Ataandika huyu mtoto. Ana mwandiko mzuri, na bado hana ugomvi na mtu."

Akawaeleza kuhusu Wafaransa na daftari lao, kwa Kihangaza chake kilichochanganyika na lugha ya kwao, akaiacha habari ya kichwa cha mfalme. Akatoa masharti. Kila nyumba iseme. Mtu akisema asikatizwe. Na anayeshika kalamu haongezi wala hapunguzi, hata akiona ni upuuzi. Mzee mmoja akauliza, kama hao Wafaransa waliandika na njiwa, basi na nyani waandikwe? Mwalimu akasema nyani waandikwe. Wakacheka kidogo, mapanga yakateremka, na baba akafuta jasho.

Jumapili baada ya ibada walinikalisha kwenye kiti cha katekista, miguu yangu haifiki chini. Nilikuwa na daftari jipya la jalada la buluu na kalamu ya wino. Mwalimu hakuingia. Alisimama nje dirishani, ili asionekane amesimamia.

Bibi Generoza alisimama wa kwanza. "Andika mti wangu," akasema. "Niliupanda mwezi aliozikwa. Ulikuwa umefika kimo chake. Nilikuwa nikisimama nao asubuhi." Akaniuliza, "Umeandika hivyohivyo?" Nikamwambia nimeandika hivyohivyo. Akakaa.

Mzee Petro aliwataja mbuzi wake mmoja mmoja, kwa rangi. Wakaja wa kisima, wa migomba iliyokatwa ikiwa na mikungu michanga, wa nyani. Mzazi mmoja akasema mwalimu wa hesabu wa shule yetu ameacha chaki na kwenda kuwa karani kambini, na sasa watoto wa darasa la tano na la sita wanakaa tu wakitazamana. Hilo niliandika kwa nguvu, maana ni mimi niliyekuwa nakaa tu. Halafu akasimama mtu mmoja mwenye shamba kubwa la maharage, akasema, "Andika kwamba mimi maharage yangu yamepata soko. Wasiondoke wote." Watu wakamzomea, wakataka nifute. Sauti ikatoka dirishani: "Limesemwa, linabaki." Likabaki.

Kesho yake Mwalimu alilipitia daftari akiwa amekaa kizingitini kwake. Hakugusa neno la mtu. Mwisho wa kila ukurasa, chini kabisa, aliweka alama ndogo ya vema kwa penseli, ya mkia mrefu, kama aliyokuwa akiweka kwenye madaftari ya wanafunzi wake. Nikamwuliza ya nini.

"Ya Wafaransa hakuna aliyeyasoma yote," akasema. "Hili angalau litakuwa limesomwa lote na mtu mmoja."

Aliponirudishia, nilikaa nalo chini ya mgomba nikiwaza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umejaa, lakini upande wake wa nyuma ulikuwa mweupe. Nikawaza: hawa wameomba kisima, wameomba mbuzi, mwingine ameshukuru kwa maharage. Mimi nina shida moja tu na dawa yake iko nyuma ya kahawa. Nilikuwa nimeshamwona Mwalimu akikaa kijumbani mchana kutwa akisikia gari, akishtuka kila mbwa akibweka. Mtu aliyepewa kazi na serikali atashtukaje? Na alishanifundisha kwamba ombi lisilotaja mtu na mahali halina mlango wa kurudishia jibu. Basi nikaandika, kwa herufi kubwa nzuri, mstari ambao hakuna mtu aliyeusema:

Tunaomba Mwalimu Anastazi, mkimbizi, anayeishi kwa mwenyekiti wetu kwenye nyumba ya nyuma ya kahawa, afundishe hesabu shule yetu, kwa sababu ni mtu mwema na tunampenda.

Nilikuwa nimevunja sharti. Aliyeshika kalamu aliongeza. Nilijua, na moyo ulinidunda, lakini ulinidunda kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Asubuhi yake Mwalimu aliniomba daftari tena, atazame kitu. Nikampa, nikakimbilia kisimani na ndoo nisione akinigombeza. Niliporudi nililikuta juu ya kigoda, limefungwa, na yeye yuko kwenye mibuni amenipa mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu, mkasi haukati kitu.

"Nakili kama ilivyo," akasema bila kugeuka. "Usiache neno."

Nikapumua. Nilijiambia hakufika mwisho, angefika angenigombeza. Nikanakili siku nzima kwenye daftari la pili, la kupeleka wilayani. Nilipofika mwisho sikufunua ule upande wa nyuma, sikuwa na haja, mstari wangu niliujua kwa moyo. Baba hakuwa mtu wa kusoma haraka, na Mwalimu akishapitia kitu yeye aliridhika. Akagonga muhuri wa kitongoji, akafunga bahasha, akapanda lori la kwenda Ngara. Lile la kwanza akalifungia kwenye sanduku lake la bati.

Zikaja siku za kungoja. Kila siku niliyorudi shuleni nilitazama njia, nikimwonea huruma Mkuu wa Wilaya na shingo yake.

Gari lilikuja tukiwa tumeanika kahawa. Baba alikuwa mkutanoni, mama kisimani. Nilikuwa peke yangu uwanjani nageuza kahawa kwa mguu. Akashuka bwana mmoja wa shati jeupe, karatasi mkononi, na nyuma yake askari wawili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto, nyumba ya nyuma ya kahawa ni ipi?"

Nyumba ya nyuma ya kahawa. Maneno yangu mwenyewe, yamekwenda mpaka Ngara na kurudi kinywani mwa mkubwa. Sijawahi kufurahi vile tena katika maisha yangu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikumwelekeza kwa kidole. Nilitangulia mbio, nikikanyaga kahawa, nikipiga kelele, "Mwalimu, toka, wamejibu, wamejibu."

Akatoka, mguu mmoja una kiatu. Akanitazama mimi kwanza, halafu askari, halafu mimi tena.

"Ndiyo, Skola," akasema. "Wamejibu."

Akaomba ruhusa avae shati. Alifunga vifungo polepole kuanzia juu, kimoja kimoja, na hakuna aliyemharakisha. Yule bwana hakuwa mkali. Alimwambia kwamba utaratibu ni utaratibu, mkimbizi mahali pake ni kambini, naye hana la kufanya maana jambo limeshaandikwa. Mimi nilikuwa bado nangoja. Nikamwuliza, "Ataanza lini kufundisha?"

Bwana akatazama karatasi, akanitazama. "Nani aliandika hii?"

"Mimi," nikasema, kwa majivuno.

"Mtoto anaandika anachoambiwa," Mwalimu akadakia. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Nilishangaa mtu mzima anadanganya mchana kweupe. Wakampandisha nyuma. Alikuwa amebana kile kitabu kisicho na jalada kwapani, na alinipungia mkono kama mtu anayekwenda gulioni na kurudi. Ni lile gari lilipokata kushoto, upande wa Benaco, wakati shule yetu iko kulia, ndipo nilipoelewa. Mama alinikuta nimekaa juu ya kahawa, nimejikojolea.

Baba aliitwa wilayani kwa kumficha mkimbizi, akarudi bila muhuri na bila uenyekiti. Mama alimwuliza, "Nani amemtaja?" Baba akasema, "Kijiji kina midomo mingi." Hakunitazama. Watu wakaamua ni Mzee Petro, kwa sababu ya hasira zake za mbuzi. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikinywewa kwa mtu, mrija haukumfikia. Alikufa na lawama hiyo. Mimi nilikuwepo mazikoni, mtu mzima mwenye watoto, na sikufungua mdomo.

Habari za Mwalimu tulizipata mara moja tu. Mwanamke aliyekuja kubadilisha mahindi kwa ndizi alisema amemwona kambini, anahama hema kila baada ya siku chache. Halafu ikaja ile miezi ya mwisho, amri ikatoka kwamba wote warudi kwao. Kwanza waliondoka kambini kuelekea Biharamulo, ndani zaidi ya nchi yetu, wakikwepa kurudishwa, mikeka vichwani, watoto mgongoni, na askari wakawageuza. Barabara ya Rusumo, ya kwenda mpakani, ikajaa watu mchana kutwa kwa siku nyingi, wanatembea kimya, ni sufuria tu zinazogongana. Mama alichemsha ndizi, tukaenda kusimama kando ya barabara, baba, mama na mimi. Mama aliita jina lake mpaka sauti ikakauka. Warefu wenye miwani walipita, kila mmoja nikasema ni yule, na hakuwa yule. Tulirudi na kikapu kama tulivyokwenda nacho, maana mama hakuweza kumpa mtu mwingine. Hatukusikia habari yake tena, nzuri wala mbaya.

Niliolewa Nyakahura. Mwandiko wangu bado ni mzuri, watu wanajua, na wanakuja. Dada Skola, niandikie barua ya kiwanja. Niandikie ya mwanangu, apelekwe hospitali kubwa. Nawaambia macho yangu hayaoni vizuri. Wanasema nina maringo, basi na waseme. Kuna mambo mawili nimeyajua nikiwa mdogo mno: kwamba hakuna anayesoma, na kwamba kuna anayesoma. Mpaka leo sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa baba amekwenda, na redio inaniambia Wafaransa wameandika tena. Nilipomaliza kulia nilimwomba wifi ufunguo wa sanduku la bati. Ndani kulikuwa na harufu ya naftalini, rozari ya bibi, shati moja ambalo baba hakuwahi kulivaa, na chini kabisa daftari la buluu, kona zimeliwa na mende. Kwa hiyo alilitunza miaka yote. Kwa hiyo alilisoma, polepole, kwa namna yake, akajua ni nani, na akakaa na mimi meza moja mpaka anakufa bila kuniuliza.

Nikakaa sakafuni nikalifungua. Mti wa Bibi Generoza ulikuwepo, umefika kimo cha mumewe. Mbuzi wa Mzee Petro walikuwepo, kwa rangi zao. Chini ya kila ukurasa, vema ya penseli, imefifia lakini mkia unaonekana. Nikafika ukurasa wa mwisho. Nikaufunua upande wa nyuma, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mstari wangu ulikuwa juu, peke yake, herufi kubwa za mtoto anayejidai. Halafu karatasi nyeupe. Na chini kabisa, mahali pake pa siku zote, vema ndogo yenye mkia mrefu.

Aliusoma. Alijua unampeleka wapi, na penseli ya kuupigia mstari ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuchana ukurasa, nami nisingethubutu hata kuuliza. Badala yake alikwenda akasimama kwenye mibuni, mkasi haukati kitu, akaniambia usiache neno. Labda ni yale masharti yake. Labda alichoka kushtuka. Au labda, na hili ndilo lililoniangusha, tangu avuke mto ule hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwombea kitu chochote, na alitaka kuona kama watajibu.

Wifi aliingia akanikuta hapo. "Umekiona ulichokuwa unakitafuta?"

"Nimekiona."

Akalitazama daftari, akasikitika. "Mende wamelimaliza hilo. Nilitupe?"

Nikamwambia anitafutie daftari jipya na kalamu. Nimeanza kulinakili, nyumba kwa nyumba, na nyani, na maharage, kama lilivyo. Mstari wangu nao nitauandika mahali pake.